Sura ya Saba: Video ya Ndama wa Damaris

Sajenti Leonida Omanga aliigusa ile video kwa mara ya tano, na kwa mara ya tano tableti ikamjibu maneno yaleyale: Faili hii haiwezi kuchezwa.

“Shenzi wewe,” akaiambia.

“Mimi, afande?” Jerusha, mpima maziwa wa kituo, aligeuka kutoka kwenye mizani, jagi la maziwa mkononi.

“Si wewe, dada. Hii takataka.”

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, katika kituo cha kukusanya maziwa cha bonde la Lambwe. Kituo chenyewe ni chumba kimoja cha mabati, madebe ya aluminiamu yamepangwa ukutani, na juu ya madebe kuna karatasi kubwa iliyoandikwa kwa kalamu nene: MAZIWA YARIYOONGEZWA MAJI HAYAPOKEREWI. HATA YA JAMAA YANGU. KARANI. Leonida alipoingia aliisoma, akatabasamu, akaendelea na shughuli zake. Tableti ilikuwa mali ya kituo. Kazi yake rasmi ilikuwa kupiga picha ng'ombe wagonjwa na kumtumia daktari wa mifugo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwachezea wafanyakazi video za kwaya.

Kilichomleta Leonida ni mtu mmoja aliyekuwa seli ya Homa Bay, Joash Gisiri, Mkuria wa upande wa Migori aliyekuja Lambwe kuchunga ng'ombe wa watu. Alhamisi iliyopita fahali wa tajiri wake alipotea kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Jirani mmoja aliona kwa mbali mwanamume mrefu mwenye koti la kijani akimswaga fahali huyo kuelekea vichakani. Gisiri ni mrefu. Gisiri ana koti la kijani. Halafu Gisiri ni Mkuria, na kwa watu wengi wa bonde lile hilo la tatu lilitosha peke yake, hata koti lingekuwa jekundu.

Leonida ndiye aliyemtia pingu. Alimtia upesi, bila kuuliza maswali mengi, na sasa upesi ule ulikuwa unamsumbua.

Gisiri alikuwa na jibu moja, na hakulibadilisha tangu siku ya kwanza. Saa hiyo alikuwa kwa dada yake Damaris, ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili kwa miguu, akimvuta ndama aliyekwama tumboni mwa mama yake. Damaris alirekodi kwa simu ili daktari aone. Kesho yake simu ikamponyoka Damaris ikatumbukia kwenye josho la ng'ombe, ikafa na dawa yake. Lakini kabla ya hapo alikuwa amekuja kituoni asubuhi na mapema, akairusha video kwenye tableti hii.

Mahakama iliwapa polisi siku saba za kuchunguza. Siku hizo zilikuwa zinaisha. Kesho saa tatu Gisiri angesomewa mashtaka, na baada ya hapo ni rumande, mpaka lini Mungu ndiye ajuaye. Damaris alikuwa tayari kula kiapo, lakini mkubwa wa Leonida, Inspekta Ombati, alicheka tu.

“Dada atasema nini?” aliuliza. “Atasema ndugu yangu ni mwizi? Niletee video.”

Siku ya Jumanne, Ombati alimtuma fundi wa simu. Fundi alikaa na tableti dakika kumi, akaandika mstari mmoja: Video imeharibika, haiokoleki. Ombati akaridhika. Leonida hakuridhika. Yeye hakuwa fundi, alikuwa mtu wa kuhoji watu, na hakuona sababu kwa nini tableti isihojiwe kama mshukiwa mwingine yeyote.

Akaanza na swali la kwanza: wewe unakataa video zote au hii moja? Akafungua video ya kwaya. Ikacheza vizuri, sauti na picha, wanawake waliovaa manjano wakipunga vitambaa. Basi pleya ilikuwa nzima. Ugonjwa uko kwenye faili.

Swali la pili: jina lako nani? Video za kwaya zote zilimalizika kwa herufi zilezile, mkia wa video. Hii yetu ilikuwa na tarakimu ndefu, na mkia mwingine wa ajabu ajabu. Leonida akaufuta mkia huo, akaandika ule wa kwaya, akaigusa. Faili hii haiwezi kuchezwa.

“Haya,” alisema. “Umevaa nguo ya mwenzako, bado hujawa yeye.”

“Afande, unaongea na mashine,” Jerusha alisema.

“Nimeongea na watu wabishi zaidi. Damaris aliirusha video na programu gani?”

“Ile ya kurushiana. Hiyo ya kijani.”

Leonida akaifungua. Ndani yake kulikuwa na orodha ya vyote vilivyowahi kupokelewa, na hapo akakaa sawa kwenye kreti lake. Tarehe hazikuwa na maana. Kila betri ilipokwisha tableti ilirudi mwezi wa kwanza wa mwaka mmoja wa zamani, na hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. Lakini kutoka kwa simu ya Damaris kulikuwa na mistari miwili, si mmoja. Wa kwanza: Imekatika, 61%. Wa pili: Imekamilika, 100%.

“Jerusha. Damaris alirusha video ngapi siku ile?”

“Moja.”

“Mara ngapi?”

“Yawa! Sasa hiyo nitajuaje? Mimi nilikuwa naosha madebe. Nilisikia tu Wangwe akimwambia, imekatika, rudia. Wakarudia.”

“Na hukumwambia fundi?”

“Aliniuliza? Yeye aliniuliza tu kama tuko na waifai.”

Leonida alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Fundi alikuwa amepima maiti isiyo yake. Ile faili iliyokataa kucheza ilikuwa kipande cha safari ya kwanza, asilimia sitini na moja ya video, kitu kisicho na mwisho. Safari ya pili ilifika. Akaugusa mstari wa pili, na tableti ikamwambia: Faili haipo. Imefutwa, imehamishwa au imebadilishwa jina.

“Huyu Wangwe ni nani?”

“Karani wetu. Tableti ni yake kushika.”

“Yuko wapi?”

“Ako likizo Muhuru Bay. Bibi yake anaanika samaki wa omena huko, ameenda kumsaidia.”

Simu ilimpata Wangwe mara ya nne. Kabla ya hapo ilijibiwa na mwanamke wa kampuni ya simu ya Tanzania, kwa Kiswahili laini sana, kwamba mteja hapatikani.

“Afande, ngoja nipande kwa mawe,” Wangwe alipiga kelele. “Hapa chini simu inavuka boda yenyewe! Haya, sema.”

“Video ya ndama wa Damaris. Uliifuta?”

“Nifute? Kwa nini nifute? Iko hapo!”

“Uliiona ikicheza?”

“Hapana. Iritoa sauti tu, kioo kikawa giza. Nikasema basi, daktari ataangaria na kompyuta yake. Rakini data iriisha, haikutumwa. Nikaipa jina ndiyo isipotee.”

“Jina gani?”

Upepo wa ziwa ulivuma kwenye simu. Wangwe akalitaja jina, akarudia, na Leonida akaliandika kwenye daftari: KUZALIWA.

“Neno moja tu?”

“Moja tu! Afande, yure Gisiri si mwi...” Simu ikavuka boda.

Leonida akaandika kuzaliwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Video moja ikatokea. Akapiga meza kwa kiganja, Jerusha akaja mbio, wote wawili wakainama juu ya kioo. Picha ikafunguka: wanawake wa manjano, vitambaa juu, wakiimba kuhusu kuzaliwa kwa Bwana Yesu.

“Huyo wa mbele ni shangazi yangu,” Jerusha alisema kwa fahari.

“Anaimba vizuri,” Leonida alijibu, na ilimgharimu nguvu kusema hivyo.

Akajaribu ndama. Hakuna. Ng'ombe: zikaja picha za viwele na kwato, video hakuna. Damaris, hakuna. Akaingia folda moja moja, lakini Wangwe alikuwa na video mia tatu na kitu, nyingine ndani ya folda zilizo ndani ya folda, na betri ilikuwa asilimia kumi na tisa. Akampigia Wangwe tena. Yule mwanamke wa Tanzania akamwambia ajaribu baadaye.

Hapo shaka ikamwingia. Karani peke yake ndiye mwenye tableti. Karani anasema hakufuta, na faili haipo. Karani ameondoka likizo siku tatu tu baada ya fahali kupotea. Je, yeye ni mrefu? Ana koti gani? Leonida akaandika swali hilo kwenye daftari, akalipigia mstari, na papo hapo akajichukia kidogo, kwa sababu aliona jinsi wazo lilivyokuja upesi. Wangwe naye alikuwa Mkuria.

Mlangoni kulizuka ubishi. Mzee mmoja mwenye baiskeli alikuwa amerudishiwa maziwa yake.

“Mvua iliingia tu kidogo njiani,” mzee alisema.

“Mvua gani, baba? Wiki ya tatu hii hakuna mvua,” Jerusha alisema. “Soma pale juu.”

Mzee akainua kidevu, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili. “Maziwa ya-ri-yo... yariyoongezwa maji haya-po-ke-re-wi.” Akacheka mpaka akashika tandiko la baiskeli. “Kwani huyu karani wenu anaandika vile anaongea?”

“Ndiyo hivyo hivyo. Kwa Wakuria wengi hakuna L, baba. Ukimwambia aandike Lambwe anakuandikia Rambwe.”

Leonida aliinua kichwa.

Yeye mwenyewe alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, na alipoingia chuo cha polisi alikuwa anasema samba na sati na maisa kama watu wote wa kwao. Mwalimu mmoja wa Mombasa alimshika akamfundisha sh mpaka ikakaa. Ilikaa sana. Mwezi mzima alikuwa akiomba shukari kwenye chai na wenzake wakianguka kwa kicheko. Tangu hapo sikio lake lilijifunza kumsahihisha kila mtu kimyakimya, hata yeye mwenyewe hakusikia tena likifanya hivyo. Wangwe alikuwa amelitaja jina mara mbili, kinagaubaga, kutoka juu ya jiwe. Yeye ndiye aliyelisikia visivyo.

Akafuta L. Akaandika R. Kuzariwa.

Faili moja. Dakika kumi na moja na sekunde arobaini.

“Jerusha!” aliita. “Jerusha, njoo, mama! Wuoi! Karani wako hana neno!”

“Nilikwambia ana neno?”

Video ikaanza kucheza. Kioo kilikuwa cheusi tititi, kama Wangwe alivyosema, lakini sauti ilitoka safi. Ng'ombe alikuwa anaguna. Mwanamke alikuwa anapumua kwa nguvu karibu na simu. Mwanamume akasema, “Lete kamba. Si hiyo, ile laini. Shika mkia, Damaris.” Leonida akafunga macho ili asikie zaidi. Kamba, maji kwenye karai, mbwa, mlango wa boma. Halafu, kwenye dakika ya tatu, mbali, sauti ya kipaza sauti cha gari: “Tangazo! Tangazo kwa wafugaji! Kesho Ijumaa, josho la juu, chanjo ya miguu na midomo! Ng'ombe wote, mbuzi wabaki nyumbani!”

Jerusha akashika shavu. “Hiyo gari nilisikia na masikio yangu! Nilikuwa nafunga mlango hapa.”

“Lini?”

“Si hiyo Alhamisi? Kesho yake ndiyo ilikuwa chanjo.”

“Ilipita siku nyingine?”

“Wapi! Ilipita mara moja tu. Watu wa huko chini walilalamika hawakuambiwa.”

Leonida hakutaka kuamini masikio ya Jerusha peke yake. Akapiga simu ofisi ya mifugo, akapewa dereva, akamwomba asome kitabu chake cha gari neno kwa neno. Dereva akasoma: Alhamisi, kuingia bondeni saa kumi na nusu, kutoka saa kumi na mbili kasoro robo. Njia ile ya kwa Damaris aliipita katikati ya safari, saa kumi na moja hivi. Leonida akaandika. Saa ileile fahali akiswagwa, Gisiri alikuwa na mkono wake ndani ya ng'ombe mwingine, mwendo wa saa mbili mbali. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Akampigia Ombati. Ombati akasikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

“Kwa hiyo una sauti.”

“Sauti na tarehe na saa, mkubwa.”

“Sauti ya nani? Wakili yeyote ataniuliza hivyo, na mimi nitamjibu nini? Nina mwanamume anaitisha kamba. Kila boma lina mwanamume anaitisha kamba.”

“Damaris atamtambua.”

“Dada tena! Leonida, nataka uso. Niko njiani kutoka Mbita, nitapita hapo baada ya nusu saa. Nikikuta uso, sawa. Nikikuta giza, kesho saa tatu tunaenda kortini.”

Akakata. Betri ilikuwa asilimia kumi na tatu.

Leonida akaketi na kufikiri, maana hasira haingemfungulia picha. Sauti imetoka mwanzo hadi mwisho, basi faili ni nzima. Pleya inaonyesha kwaya, basi pleya si mbovu. Kilichobaki ni kwamba hawa wawili hawaelewani. Simu ya Damaris ilikuwa mpya, ya mwaka huu. Tableti ilikuwa ya enzi za kale. Simu mpya huikunja picha kwa namna yake ili isichukue nafasi, na tableti hii haikuwahi kufundishwa kuikunjua mikunjo hiyo. Haikuwa na data ya kupakua pleya nyingine. Lakini simu ya Leonida ilikuwa nayo, pleya ya kucheza kila kitu, iliyopakuliwa na mpwa wake.

“Tunairusha kwenye simu yangu,” alisema. “Leta chaja.”

“Stima ilienda saa mbili, afande.”

“Basi tuombe Mungu.”

Akafungua programu ya kijani kwenye tableti, na ileile kwenye simu. Wakangoja. Duara zikazunguka kwenye vioo vyote viwili, na hakuna aliyemwona mwenzake. Dakika moja. Mbili. Leonida akazima, akawasha, akasogeza simu, akapandisha tableti juu ya debe. Hakuna.

“Labda zimegombana,” Jerusha alisema.

Leonida akatazama vizuri, akapiga paji la uso. Kwa haraka yake alikuwa amebonyeza Pokea huku na Pokea kule. Zilikuwa zimekaa kama wakwe wawili, kila mmoja anangoja mwenzake amsalimu kwanza. Akageuza tableti iwe ya kutuma. Bado haikuiona simu. Akaenda kwenye mipangilio, akakuta tableti imezimwa ile huduma ya kujua mahali ilipo, ambayo programu hizi huitaka kabla ya kutafuta majirani. Akaiwasha. Jina la simu yake likaruka kwenye kioo.

Asilimia mbili. Tano. Kumi na mbili. Kioo cha tableti kikafifia, kikazima, na kwenye simu yakaja maneno: Imekatika.

“Ai! Si ndiyo ilifanya hivi hata siku ile?” Jerusha alisema. “Wangwe alikuwa anaigusagusa, halafu akatoka nje kupokea maziwa.”

“Akaacha kuigusa.”

“Eeh. Akirudi imekatika.”

Leonida akamtazama kwa upendo. Hiyo ndiyo asilimia sitini na moja. Betri ikiwa chini tableti ililala kila baada ya sekunde thelathini, na ikilala inaachilia kila ilichoshika. Akajaribu kuibadilisha ikatae kulala. Ikakataa kukataa, kwa sababu ya betri. Ilikuwa asilimia tisa.

“Weka kidole hapa,” alimwambia Jerusha. “Uwe unaipapasa hivi, polepole, usibonyeze kitu. Usiache hata kama nyumba inaungua.”

“Na maziwa ya watu?”

“Maziwa yangoje.”

Foleni ya wafugaji ilikuwa imefika nje ya mlango. Walipoambiwa ni kwa ajili ya Gisiri, kulikuwa na minong'ono, halafu mama mmoja akasema yule kijana alimtibia mbuzi bila kuitisha chochote, na kelele zikapungua. Jerusha alipapasa. Asilimia thelathini. Arobaini na nne. Gari la polisi likasikika likipanda mlima. Sitini. Sitini na moja, na wote wawili wakabana pumzi. Sitini na mbili.

“Endelea, dada, endelea.”

Inspekta Ombati, mtu mfupi mnene wa Kisii asiyependa vumbi, aliingia akijipangusa mabega. “Nusu saa imeisha. Uso uko wapi?”

“Ngoja, mkubwa.”

“Nimengoja siku saba.”

Tisini na nane. Mia. Tableti ikatoa mlio mmoja wa huzuni na kuzimika kabisa.

Leonida akafungua pleya ya mpwa wake. Na picha ikaja. Ilikuja na rangi zake zote: boma la miti, jua la jioni, ng'ombe mwekundu amelala ubavu, na nyuma yake mwanamume mrefu mwenye koti la kijani.

Mgongo wake.

Wakatazama. Dakika ya kwanza, mgongo. Ya tatu, gari la tangazo likapita, na mwanamume hakugeuka hata kulitazama. Ya tano, akavua koti, akabaki na fulana iliyotoboka, bado mgongo. Alikuwa amepiga magoti, mkono umezama mpaka kwenye bega, shavu limelalia paja la ng'ombe kwa upande usioonekana.

“Huyu ni mtu yeyote,” Ombati alisema.

“Zimebaki dakika sita, mkubwa.”

“Ni mtu yeyote mwenye mgongo.”

Leonida akasogeza simu karibu. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kuogopa. Kwenye dakika ya nane miguu miwili ya nyuma ikatoka, kamba ikakazwa, na mwanamume akavuta huku akiongea na ng'ombe kwa Kikuria, kwa sauti ya chini. Kwenye dakika ya tisa ndama akaanguka kwenye nyasi, ameloa, hatikisiki. “Amekufa,” Damaris alisema nyuma ya kamera, na picha ikaanza kutetemeka. Mwanamume akamshika ndama miguu ya nyuma, akamning'iniza, ute ukamtoka puani. Akamlaza. Akachukua koti lake la kijani akamsugua nalo kifua kwa nguvu zake zote, kama anayefua. Akachuma jani la nyasi akamchokoa puani. Wafugaji walikuwa wameacha foleni, wamesongamana nyuma ya Ombati, na hakuna aliyewafukuza.

Dakika ya kumi na moja. Ndama akapiga chafya.

Mwanamume akageuka. Aligeuka mzima mzima, akaitazama kamera ana kwa ana, uso umejaa damu na kamasi na kicheko, jino moja la mbele halipo, kovu juu ya jicho la kushoto. “Iko hai!” alipiga kelele. “Damaris, iko hai!”

“Gisiri!” mama wa mbuzi alipiga kelele naye, na kituo kizima kikapiga makofi.

Ombati hakupiga makofi. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. “Rudisha nyuma kidogo,” alisema. Akautazama ule uso mara mbili zaidi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Leonida hakuizoea, “Nilikuwa nimeshaandika mashtaka.”

“Mimi nilikuwa nimeshamtia pingu,” Leonida alisema.

Alimwandikia Jerusha hati ya kuchukua tableti kama kielelezo, wakaondoka.

Saa kumi na moja jioni, Homa Bay, Gisiri alitoka seli akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, na polisi wa zamu akamrudishia mshipi wake. Damaris alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Alimrukia, akampiga kifuani kwa ngumi, akalia, akasema mengi kwa Kikuria ambayo Leonida hakuyaelewa ila neno moja, mura, kijana wa kwetu. Gisiri akamuuliza kitu. Damaris akajibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie:

“Ananyonya mpaka mama yake anakimbia!”

Leonida alingoja watulie. Halafu akamsogelea.

“Gisiri, nilikukosea.”

“Ulinikosea, afande,” Gisiri alisema. Hakusema kwa ukali, wala hakulainisha.

“Enda nyumbani upumzike,” Ombati alisema. “Mambo yamekwisha.”

“Yamekwisha kwako, mkubwa. Mimi nikirudi Lambwe bila ile ndume, watasema nimehonga polisi.” Alifunga mshipi polepole. “Kwato yake ya mbele kushoto imepasuka. Nimeitibu mwezi mzima. Anaikanyaga kwa upande, hata kwa udongo mgumu utaiona. Hiyo njia hata baada ya wiki mimi naweza kuifuata. Kuna mtu aliniuliza?”

Katika siku saba walimuuliza alikuwa wapi mara mia moja. Kuhusu fahali hawakumuuliza hata mara moja.

Leonida akachukua ufunguo wa Landrova mezani kwa Ombati, na Ombati akamwacha auchukue. Nje, Gisiri alikuwa amekwisha kuelekea nyuma ya gari, kwenye zile benchi za chuma alikoketi wiki iliyopita akiwa na pingu. Leonida akafungua mlango wa mbele, ule wa kando ya dereva.

“Kaa hapa,” alimwambia. “Wewe ndiye unajua njia.”